Mguu wa Pedeli

Watu waliokuwa wakija kwetu kushonesha nguo, nusu yao walikuwa wanakuja kusikiliza ugomvi. Sikwambii uongo. Mtu analeta suruali isiyo na tatizo lolote, anasema eti ipunguzwe kiuno, halafu anakaa kwenye benchi hata chai ya saa nne inamkuta pale, kumbe anangoja mimi na mume wangu tuanze. Na tulikuwa tunaanza kweli. Nikisema pasi imepata moto, yeye atasema bado. Nikisema mvua inakuja, atatoa kichwa mlangoni, atazame wingu jeusi tii, aniambie hilo linapita. Yeye ni wa kukata na kushona, mimi ni wa vifungo, mapindo na pasi, na midomo yetu yote miwili haikuwa na likizo. Aliniita Redio. Mimi nilimwita Fundi, hata chumbani, mpaka watoto wetu wakakua wakidhani ndilo jina alilopewa na mama yake.

Miaka yote hiyo sikumbuki hata mara moja kumwambia "umesema kweli". Nikikubaliana naye nilikuwa nanyamaza, na akiona nimenyamaza anajua ameshinda, basi atatembea kifua mbele hadi jioni. Ndivyo tulivyopendana. Kila nyumba na mambo yake.

Sasa Fundi alikuwa na tabia ya kuweka pini mdomoni. Mafundi wengi wanayo. Unampima mteja, mikono yote miwili ina kazi, pini utaziweka wapi? Anazibana kwenye kona ya mdomo, upande wa kushoto, tano au sita, na bado anabishana nami bila kuangusha hata moja. Kwa hiyo alipotokwa na kidonda kwenye ufizi, chini, upande huohuo wa kushoto, hakuna aliyeshtuka.

"Pini imenichoma," akasema.

Nikamwambia aende hospitali. Akanijibu kuwa fundi akienda hospitali kwa ajili ya pini, kesho kinyozi naye ataenda kwa ajili ya wembe. Akawa anasukutua maji ya chumvi. Kidonda kikakaa palepale. Jino la pembeni yake likaanza kucheza, akailaumu pini. Shavu likavimba, pini. Akitema mate yana damu, pini tena, na ni ileile moja ya miezi mingi iliyopita! Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini huyu wangu hakuficha kitu. Alikuwa anamfunulia kila mteja mdomo, amwonyeshe, na ugonjwa ameupa jina lisilo lake.

Siku mdomo ulipokataa kufunguka hata kwa kijiko, nilifunga mlango mchana kweupe, nikamshika mkono, nikampeleka. Walikata kinyama kidogo, wakakipima. Ilikuwa saratani. Imekula ufizi, imeingia kwenye mfupa wa taya.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiyezungukazunguka maneno. Alitukalisha, mimi na Fundi na wifi yangu, dada yake mkubwa Fundi, ambaye tangu aliposikia habari alihamia kwetu na begi lake. Daktari akatuambia taya la kushoto litatolewa, kuanzia chini ya sikio hadi karibu na kidevu.

"Na pasipojengwa taya jingine," akasema, "utaishi, lakini kipande kitakachobaki kitavutwa upande. Chakula utamiminiwa kwa mpira. Na ukizungumza, watu hawatakuelewa."

Kati ya yote hayo, najua ni lipi lililomchoma Fundi. Mtu wa kubishana umwambie hataeleweka!

"Hilo jingine mtalitoa wapi?" nikauliza.

Daktari akainama, akamgusa Fundi pembeni ya mguu, chini ya goti. "Hapa."

Jamani, nilicheka. Nilidhani ni utani wa kututuliza. Lakini akatueleza. Pembeni ya mfupa mkubwa wa muundi kuna mfupa mwingine mwembamba, na mtu anaweza kutembea bila huo. Wanautoa pamoja na mshipa wake wa damu na kipande cha ngozi. Mfupa unakuwa taya, ngozi inaziba ndani ya mdomo, na mshipa unaunganishwa na mishipa ya shingoni kwa uzi ambao macho matupu hayauoni vizuri.

Aliposikia uzi, Fundi alijivuta mbele. Daktari akatoa mezani mfano wa plastiki wa taya lake, umetengenezwa kutokana na picha za hospitali. Pale saratani ilipokula palikuwa na shimo. Fundi aliushika, akaugeuza, akaupima kwa kidole gumba na cha shahada kama anavyopima kola.

"Mfupa wa mguu umenyooka," akasema, kwa tabu, maana mdomo ulikuwa haufunguki vizuri. "Hapa pana kona."

"Tunautoa vipande vidogo vya pembetatu upande wa ndani, halafu tunaupinda."

"Toeni vingi. Kona itakaa laini."

Daktari akatabasamu. "Kitambaa kingekubali. Mfupa nikiukata vipande vidogo mno, damu haifiki, unakufa. Mikato miwili inatosha."

Fundi akatafakari, akakubali. Mimi ndiye niliyebaki na swali. "Hiyo ngozi ya mguu huko mdomoni, haitaota malaika?"

"Inaweza kuota kidogo."

"Mungu wangu! Fundi, sasa utakuwa na ndevu nje na ndani." Alicheka hadi akashika shavu kwa maumivu, na wifi akanitazama kwa jicho la kutaka kunitafuna.

Kisha daktari akauliza mguu gani, maana alikuwa ameipima mishipa ya yote miwili na yote ilikuwa mizima. Fundi hakungoja. "Wa kushoto. Wa kulia ni wa pedeli."

Lazima niwaeleze hapo. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Ya umeme hataki kuisikia, anasema inakimbia kuliko akili. Mguu wa kulia ndio unaoanzisha, ndio unaopunguza mwendo kwenye kona, ndio unaosimamisha sindano haswa pale anapotaka, na husema kidole gumba cha mguu huo kinasikia kitambaa kuliko mkono. Na daktari alikuwa ameshatuonya: mguu utakaotolewa mfupa, kifundo chake kinaweza kukaza, na kidole gumba kikapoteza nguvu. Ukimchukua Fundi mguu wa kulia umemchukua Fundi.

"Usimpangie daktari kazi," nikamwambia.

"Mguu ni wake?" akanijibu. Hata muuguzi aliyekuwa mlangoni alicheka.

Upasuaji ulichukua mchana kutwa. Wifi alikuwa anaomba, mimi natembea. Walipotuita tukamkuta amevimba uso hadi macho yamekuwa mistari, ana kibomba kooni cha kupumulia, mpira puani wa chakula, na mguu wa kushoto umefungwa bandeji. Lakini alikuwa na taya. Uso ulikuwa na pande mbili. Nilimshika vidole, naye akavifinya vyangu.

Kazi kubwa ikawa ni kuilinda ile ngozi ya mdomoni. Muuguzi alikuwa anakuja kila mara na tochi, anaangalia rangi, anagusa kuona kama ina joto, anaichoma kidogo kwa sindano. Ikitoka damu nyekundu, mfupa uko hai. Niliijua hiyo rangi kuliko rangi ya nyuzi zangu. Muuguzi akiondoka nilikuwa namuuliza tu, "Nyekundu?" Anasema, "Nyekundu, mama." Basi nami napumua.

Siku moja alasiri, watu wa kuona wagonjwa wamejaa wodini, muuguzi alimulika, akachoma, akachoma tena. Nilinyoosha shingo nikaona mwenyewe. Damu ilikuja kwa kujivuta, nyeusi kama chai iliyolala. Muuguzi alitoka mbio, na muda mfupi baadaye kitanda cha Fundi kilikuwa kinasukumwa kurudi chumba cha upasuaji, macho yake yananitazama, na mimi nakimbia pembeni nimeshika shuka.

Mshipa wa kurudisha damu ulikuwa umeziba. Waliuzibua, rangi ikarudi, tukashukuru. Kesho yake ukaziba tena, na safari hiyo haukusikia la mtu. Daktari alikuja mwenyewe, akavuta kiti, akakaa nasi.

"Mfupa umekufa," akasema. "Tumelazimika kuutoa. Pengo tumelifunika kwa msuli wa kifuani."

"Kosa la nani?" wifi akauliza.

"Sijaona kosa. Hutokea kwa wachache, na imetokea kwake."

Wifi hakumwamini, na maneno aliyomtupia daktari siwezi kuyarudia hapa. Mimi nilitafuta wa kumgombeza sikumpata, na kwangu huo ni mtihani, kwa sababu hasira yangu imezoea kuwa na mwenyewe. Nilitoka hadi kwenye bomba la uani, nikafua shati lake ambalo halikuwa chafu. Nililia pale. Mfupa umetoka mguuni haupo, umefika mdomoni haupo. Hasara kote kote.

Tukarudi nyumbani. Kibomba cha kooni kilitolewa, tundu likafunga. Akapigwa mionzi kwa wiki kadhaa, shingo ikawa nyeusi na ngumu. Nilikuwa namsagia chakula, nakichuja, nakipitisha kwenye mpira kwa bomba la sindano. Kidevu kilivutwa kushoto, mate yakawa yanamwagika, akawa anatembea na taulo dogo begani. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito na kidole gumba hakikunyanyuka, lakini wa kulia ulikuwa mzima, na siku aliyokaa tena kwenye cherehani nikasikia ule mlio, nilishukuru. Mikono ilikuwa ileile. Wateja wakarudi.

Ila maneno. Yalikuwa yanatoka sauti tupu, a-a-u, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa mto. Akisema mara ya kwanza sielewi, anarudia, mate yanatiririka, anajifuta, anarudia tena, jasho linamtoka. Roho iliniuma. Basi nikaanza kumwitikia tu. "Ndiyo, Fundi." "Sawa." "Kweli kabisa, umesema kweli." Akiashiria kitambaa nasema ndiyo. Akiashiria nje nasema ndiyo. Nilijiona mke mwema. Wifi mwenyewe alinisifu, akasema angalau maradhi yamenifundisha adabu. Wateja walikuwa wanaacha nguo na kuondoka, benchi likawa tupu, nami nikadhani wanamwonea haya.

Siku moja alisimamisha mashine, akanitazama, akasema kitu kirefu. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwambia, "Kweli kabisa, Fundi."

Akachukua chaki ya kukatia. Akaandika kwenye meza, herufi kubwa: NIMESEMA WEWE NI MBUZI.

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Loh, nilicheka! Nikamwona naye mabega yanatikisika, nikafurahi zaidi, nikasema leo tumerudi. Kisha nikauona uso wake. Hakuwa anacheka. Alikuwa analia, taulo amelibana mdomoni kwa mikono miwili ili sauti isitoke barabarani. Nilifuta meza kwa kiganja, nikakaa karibu naye mpaka akanyamaza.

Kipimo cha baada ya mionzi kilitoka safi. Saratani haikuonekana popote. Tukaitwa kwa daktari, tukaenda watatu kama mara ya kwanza. Alitupongeza, kisha akaweka mikono mezani.

"Unaweza kubaki hivi," akamwambia Fundi. "Watu wanaishi hivi. Au tunaweza kujaribu mara moja tena. Mifupa mingine niliyoifikiria ni mifupi kwa pengo lako. Umebaki mguu wa kulia."

Akaendelea. "Sitakudanganya. Shingo iliyopigwa mionzi mishipa yake ni migumu kuunganisha. Mshipa unaweza kuziba tena. Unaweza ukapoteza na mguu huu, na mdomo ukabaki kama ulivyo. Kama tukifanikiwa, kwa mazoezi, nategemea utakula vyakula laini, na watu watakuelewa. Si kama zamani, lakini watakuelewa."

"Thubutu!" wifi akasema. "Mguu mmoja mmeshautupa, mnataka wa pili? Abaki bila mdomo na bila kazi? Huyu ana saratani tena? Hana. Basi mwacheni."

Damu ni nzito kuliko maji, nami kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilikuwa upande wa wifi yangu. Nilikuwa nimeshayapiga hayo mahesabu usiku na mchana. Yuko hai. Anashona. Niliogopa kile kitanda kinachosukumwa. Niliogopa ile damu nyeusi. Nilisema moyoni, abaki hivihivi, nitamlisha kwa mpira hadi tuzeeke.

Fundi hakututazama. Aliinama, akakunja suruali mguu wa kulia, kunjo juu ya kunjo, zote upana mmoja, hadi gotini. Akaunyanyua mguu, akauweka juu ya kistuli mbele ya daktari.

"Hapana," nikasema.

Akageuka.

"Hapana, Fundi. Sikubali. Una wazimu? Huo ndio unaokuweka mjini. Mshipa ukiziba je? Ukifia mezani je? Watoto niwaambie baba yenu alikuwa ana taya nusu akaona halitoshi? Sikubali, sikubali!" Sauti yangu ilikuwa imepanda, nadhani hadi korido walinisikia. "Kwa nini? Niambie kwa nini!"

Akaniambia. Yalitoka yaleyale, a-a-a u-u-i-u, na mate yakafuata.

Kichwa changu kilishaanza kuitikia kwa mazoea. Nikakisimamisha.

"Sikuelewi," nikasema.

Akajifuta, akasema tena.

"Sikuelewi, Fundi. Sema tena."

"Mwonee huruma," wifi akasema. Nilisogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, nikamtazama midomo. "Polepole. Neno la kwanza."

"A-a-a."

"Nataka?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Nataka nini? Kula?" Akakataa. "Kupona?" Akakataa, akapiga paja kwa hasira, akanyoosha kidole kifuani kwangu, kisha akakigusa mdomo wake mwenyewe. "U-u-i-u." Mishipa ya shingo ilimsimama. "U-u-i-u!"

Nami nikalipata. Nililipata lote kwa mara moja.

"Nataka kukujibu," nikasema.

Akafumba macho. Akaitikia.

Daktari alikuwa anatazama dirishani. Wifi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Mimi nilikuwa nalia wala sikujifuta, nimeshika goti lake la kulia, nasikia mfupa ule mwembamba chini ya vidole vyangu.

"Sawa," nikamwambia.

Akafumbua macho haraka, akanikazia. Nilijua anachofikiri.

"Si ile sawa," nikasema. "Hii ni ya kweli. Bado sikubaliani na wewe hata kidogo, na ukitoka huko nitakwambia yote, moja baada ya jingine. Lakini mguu toa."

Daktari akachukua kalamu ya wino, akavuta kistuli karibu, akaanza kuchora mstari kwenye mguu.